Majibu ya Udongo wa Mama Brayson

Mutuka, Babati
Aprili 20

Mwanangu Vailet,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi nimeipokea. Kifua kimepona? Sisi huku tuna uhai, mvua inanyesha, ila goti la baba yako halijaacha kumsumbua. Unakula lakini? Mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima husahau kula.

Nakuandikia maana kwenye simu nikianza tu nitalia.

Uliponiambia umezoea kazi ya kompyuta huko Arusha, kwamba programu unazoandika sasa zinakubali, nilikuitikia vizuri. Moyoni iliniuma. Miaka yote ile ya kusomea udongo, halafu unaanza upya, unasahihishwa na kijana uliyemzidi miaka kumi!

Sasa huku jina lako halisemwi vizuri. Mama Brayson jirani yetu, yule mjane, mahindi yake yamekuwa ya manjano, yamedumaa. Aliweka chokaa shamba zima, anasema ni wewe uliyemshauri. Bwana shamba alipokuja akasema udongo ule haukuhitaji chokaa hata kidogo. Mama Brayson akapiga simu ofisini kwenu kwa zamani, wakamjibu kwamba uliacha kazi tangu Novemba. Basi Jumamosi kwenye jumuiya akasema mbele ya wote kwamba sasa ameelewa, kumbe Vailet alifukuzwa kwa kutojua kazi, na bado anadanganya wajane. Watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikaendelea kumimina.

Mwanangu, wewe hujui habari ya chokaa hiyo. Ni mimi.

Uliniagiza niwaambie watu umeacha maabara ya kupima udongo, nikakujibu nimewaambia. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, ningeelezaje? Wakaendelea kuleta udongo kwenye vifuko, wanasema Mama Vailet, mpelekee mtaalamu wetu. Wengine niliwazungusha mpaka wakachoka. Mama Brayson alikuja mara nne, akanitania kwamba labda udongo wake nimeusongea ugali. Nilicheka naye. Kisha nikakumbuka ulivyomwambia Anselmi wa Bonga kwamba udongo wake umechachuka, una asidi nyingi, aweke chokaa, naye akavuna. Nikamwambia Mama Brayson majibu yako yametoka, nawe umesema hivyo hivyo. Alinishika mikono yote miwili akashukuru. Udongo wenyewe nilikuwa nimeshaumwaga nyuma ya choo.

Shamba lile ndilo linalowalisha, yeye na watoto watatu. Kila asubuhi nalipita nikienda kisimani, nageuza uso.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwake. Nimekusudia kusimama niseme. Lakini nilikusudia hivyo hivyo wiki iliyopita. Nikishindwa tena, njoo umsomee barua hii. Mwandiko wangu anaujua.

Kaka yako Wolfgang na mkewe wanakusalimu. Baba yako naye anakusalimu sana. Hajui lolote, anakwenda kumlimia Mama Brayson palizi kwa huruma.

Mungu akulinde, mwanangu. Kama utanikasirikia, nikasirikie ukiwa umekula.

Ni mimi mama yako,
Philomena