Masikio ya Ta Bitegeko Hayana Kosa

Kaisho,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za nyumbani, niitoe kwanza hii iliyonikaa kooni, maana nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Mama, nimemfanya mzee wa watu aonekane kiziwi, na si kiziwi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu leo kanisani nimemwambia nusu tu. Na kwa kuwa sasa unasoma mwenyewe, tangu yale masomo ya watu wazima, nakuomba usimpe mtu akusomee barua hii. Isome jikoni, peke yako.

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo? Kifua cha Baba kimetulia? Kahawa mmeshaanika? Sisi huku tu wazima wa mwili. Sabuni bado haipatikani, sare tunafulia majani ya mpapai. Baba Mkubwa na Mama Mkubwa wananitunza kama mtoto wao, na hilo ndilo linanitesa zaidi.

Baba Mkubwa ana mbwa anaitwa Watasema. Jina hilo alimpa kwa ajili ya majirani, anavyosema mwenyewe. Kwa watu ni mpole, mtoto akimvuta mkia anageuka tu kumwangalia. Lakini akimwona mbwa mwenzake anakuwa kiumbe kingine. Alipokuwa mdogo mbwa watatu walimrarua pale kwenye josho, na tangu siku ile anataka yeye ndiye awe wa kwanza kuuma. Kumfunga moja kwa moja haifai, akikaa kambani wiki nzima anazidi kuwa mbaya. Basi kila Jumamosi nikienda rweya, kwenye uwanda wa nyasi, kukata nyasi za kutandika sebuleni, naenda naye. Na rweya ni ya kijiji kizima, Mama. Wenye ng'ombe wako huko, wakata nyasi tuko huko, na kila mtu na mbwa wake.

Baba Mkubwa alinifundisha namna ya kwenda naye.

"Usivute kamba ikakaza," aliniambia. "Ukikaza anajua na wewe unaogopa. Na usimwache akodoe macho. Masikio yakishasimama, umechelewa. Mgeuze mapema, mpitishe mbali, akinyamaza mpe kiazi."

Nikawa natembea na viazi vya kuchoma mfukoni. Mwanzoni alikuwa ananiburuta mpaka magoti yanachubuka. Lakini polepole alifika mahali anampita mbwa mwingine umbali wa kibanja kimoja, na badala ya kumtazama yule ananitazama mimi. Mama, siku ile nilifurahi kuliko nilipochaguliwa kuja sekondari.

Jambo la mwisho lilikuwa kengele. Baba Mkubwa alimvalisha shingoni ile kengele ya mti ya mbwa wa kuwindia, inayolia ko-ko-ko, na akawatangazia watu wa mlima wote: mkiisikia, shikeni mbwa wenu. Na watu walishika. Ndiyo iliyokuwa inatulinda.

Ila unajua nilivyo. Mtu akinitazama nasahau hata jina langu. Kila nikitokea na ile kengele, rweya yote inageuza shingo. Kuna wavulana wa shuleni kwetu wanaochunga huko Jumamosi, wakawa wananingojea.

"Kengele ya kwanza hiyo! Vaeni viatu, ibada inaanza!"

"Mama mchungaji, leo neno linatoka wapi?"

Mmoja anaanza wimbo wa sadaka, wengine wanaitikia. Mimi naangalia chini, nakata nyasi, machozi yananidondokea mkononi.

Sasa, Baba Mkubwa akienda kuwinda nguruwe pori huiziba ile kengele kwa nyasi njiani, nguruwe wasisikie, halafu huizibua pale anapowaachia mbwa. Nilikuwa nimemwona. Nikaiziba na mimi. Nikitoka nyumbani inalia vizuri, nikivuka migomba ya mwisho naijaza nyasi kavu, nikirudi nazitoa. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyenigeukia. Nilijiona mwepesi. Nikafanya hivyo Jumamosi nne, na hakuna kilichotokea, nikasema moyoni kumbe kengele ilikuwa ya bure.

Ya tano ni hii ya juma lililopita.

Nilikuwa nafunga mzigo, mikono yote miwili ina kazi, kamba nimeikanyaga kwa mguu. Ta Bitegeko akapanda kutoka bondeni. Huyu ni jirani yetu, mzee aliyefiwa na mkewe, macho yake yana ukungu. Lakini ng'ombe wake wawili anawachunga mwenyewe, yeye na kijibwa chake Kahogo kinachotembea kimemgusa mguu ili ajue njia iko wapi. Huyo mzee njia zake zote ni za masikio. Kengele ingelia angesimama palepale kwenye kona ya njia, kama siku zote.

Sikumwona mpaka kamba ilipochomoka chini ya mguu wangu.

Mama, sijui niandike vipi. Kahogo hakubweka hata mara moja. Mzee akawa anaita, "Nani huyo? Nani huyo?" na kuingiza mkono katikati ya meno, maana haoni. Nilimshika Watasema miguu ya nyuma nikamwinua, nikamvuta kinyumenyume kama nilivyofundishwa, mpaka akaachia. Mkono wa mzee ulikuwa unatoka damu. Nikasikia watu wanakimbia wanakuja. Na hapo, kabla sijamwuliza mzee ameumia wapi, nikaingiza vidole kwenye kengele nikatoa zile nyasi nikazitupa. Watu walipofika kengele ilikuwa inalia ko-ko-ko.

Kahogo alikufa Jumatatu.

Alhamisi tuliitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Baba Mkubwa akasimama akasema, "Kengele haijawahi kutoka shingoni mwa mbwa huyu akiwa rweya. Mungu anisikie." Na ni kweli, haijawahi. Balozi akaichukua akaitikisa.

"Ta Bitegeko, hii hukuisikia?"

"Ningeisikia ningemshika mbwa wangu, waitu, balozi wangu. Siku ile haikulia."

"Ililia, mzee," akasema mmoja wa waliokuja mbio. "Sisi sote tulifika inalia."

Na mwingine kule nyuma: "Mzee, hata jogoo wako siku hizi anawika kimya kimya!"

Watu wakacheka. Mwanawe Festo, anayekaa mlima wa pili, hakucheka. Alisema baba yake macho hayana kazi na sasa masikio nayo yamekwisha, ng'ombe atawachukua yeye, na mzee akae uani asije akafa huko rweya. Balozi akaona ni busara. Watasema akaambiwa akae kambani siku kumi, bwana mifugo amwangalie, basi. Mimi niliulizwa, "Binti, kengele ilikuwepo?" Nikasema ilikuwepo. Nilisema kwa sauti ndogo, wakaniambia rudia. Nikarudia.

Kama ingekuwa ni hayo tu labda ningeweza kunyamaza. Lakini juzi Ijumaa natoka shule, namkuta ameketi kwenye jiwe nje ya uzio wetu, mkono umefungwa kitambaa.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "nenda uniletee ile kengele. Nipigie nisikie."

Nikaileta. Nikapiga karibu. "Naisikia. Sogea." Nikasogea mpaka kwenye kahawa. "Naisikia. Sogea." Nikafika kwa mama anayekaanga sambusa, nikapiga, nikamwona kwa mbali ananyoosha mkono mzima juu. Niliporudi alinyoosha mkono akaichukua kengele, akaipapasa. Nikadhani atanishika. Badala yake akasema, "Basi ni kichwa kinachoharibika. Sauti inafika, mimi siipokei. Festo ana haki." Akainuka akaenda zake anapapasa uzio kwa fimbo, maana hana tena wa kumgusa mguu.

Mama, alikuwa anajisadiki. Mimi nimemfanya asijisadiki.

Kesho asubuhi Festo anakuja kuchukua ng'ombe. Nilitaka uniambie nifanye nini, lakini mwinjilisti atakayeibeba barua hii kwa baiskeli naye anaondoka kesho, na jibu lako halitawahi. Nikisema, Watasema atachomwa mkuki, hilo nalijua. Baba Mkubwa aliyemtaja Mungu mbele za watu ataitwa mwongo kwa sababu yangu. Huenda nikarudishwa nyumbani Ihanda na shule ikaishia hapo. Naogopa. Nimejaribu kuyapanga maneno kwa Kinyambo chetu nimwambie mzee, yanakataa kutoka. Kwa Kiingereza cha darasani yanatoka vizuri kabisa, kama habari ya mtu mwingine.

Msalimie Baba, mwambie asilale na nguo mbichi. Msalimie dada Kemilembe na mtoto wake, sijui kama meno yameota. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na bibi yetu wa jirani anayenitunziaga ndizi za kuiva. Usiwaambie chochote.

Ni mimi binti yako anayekuhitaji,
Kokugonza

Mama, nilikuwa nimeshamaliza, naikunja, nimesikia mtu uani. Mama Mkubwa na Baba Mkubwa wako kwenye mkutano wa wazazi wa kipaimara, bado hawajarudi. Hizi ni hatua za polepole, na fimbo inagonga ukuta. Ni Ta Bitegeko, anaita hodi. Anauliza kama kuna mtu ndani, na mimi nipo ndani, Mama, nipo peke yangu. Karatasi naiweka kwenye kitabu cha Kiingereza. Anaita tena. Nakwenda kumwitikia, kwa Kinyambo.