Faili ya Béa niliyoifuta

Jumatano, saa tisa mchana. Mvua imekatika lakini jua limekataa kutoka, nguo zimebaki mbichi kwenye kamba, na mimi roho yangu iko vilevile. Naandika kwa simu, kidole kimoja. Wenye kuja hapa kucheka makosa yangu ya kuandika, leo wapite. Nilisoma miaka minne kwa masista na imenitosha kuendesha nyumba hii.

Haikunitosha jana.

Béa, binti yangu, alituachia vitu viwili alipokufa: Naomi, mtoto wake, ambaye mwaka huu anamaliza sekondari, na ordinatere, kompyuta yake, aliyokuwa akiandikia watu barua zao barazani. Ile ordinatere naifuta vumbi kila asubuhi. Hakuna anayeigusa bila kunawa.

Sasa, sisi hapa Kisangani mtu akifa, kila ndugu anataka picha yake aichapishe kwenye fulana ya matanga. Flashi yenye picha inazunguka nyumba hadi nyumba, inaingia kila masini ya mtaa, inabeba kila uchafu. Ya kwetu ilizungushwa na Yvonne, mtoto wa mdogo wangu. Wiki iliyopita alituletea tuchukue picha. Naomi alipoichomeka na kunakili picha kwenye masini yetu, antivirusi ikawaka nyekundu: ndani ya furushi la picha muna faili mgonjwa.

Nilimfokea Yvonne mbele ya majirani. Nilimwambia analeta ugonjwa hata kwenye masini ya marehemu. Nilimwambia flashi yake akaitupe mtoni. Akaichomoa, akaenda, hakugeuka.

Naomi alikaa, akanieleza kwa upole kwamba furushi kama lile ni faili moja iliyobeba nyingine nyingi tumboni, na antivirusi haiwezi kumtoa mgonjwa mmoja bila kutupa furushi zima. Basi akalifungua mwenyewe, akamtoa yule mmoja, picha zingine zikabaki. Kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Ningejifunza subira yake. Nilijifunza kitufe cha kufuta.

Jana Naomi alikuwa shuleni. Nilikaa niangalie picha za Béa. Masini ikaanza kujikagua yenyewe, ikamaliza, ikaniletea mstari mmoja. Haukuwa mwekundu, ulikuwa wa njano. Niliona neno « impossible », haiwezekani. Hilo nalijua, masista walitukemea nalo sana. Kuna faili moja, antivirusi imeshindwa kuingia ndani yake.

Nikajiambia, kitu gani kinakataa kukaguliwa ndani ya nyumba yangu? Kinaficha nini? Nikafuta. Halafu nikaenda kwenye kile kipipa cha taka cha kwenye masini nikakimwaga pia, kwa sababu mimi si mwanamke wa kulala na takataka ndani.

Nilijisikia vizuri, niseme ukweli. Nilipika pondu nikiimba.

Naomi aliporudi nilimwambia kwa kujivuna. Akasimama na begi begani.

« Koko, ulifuta? »

« Nilifuta. Asante iko wapi? »

« Ile haikukuwa mugonjwa, koko. Ilikuwa na mot de passe. Antivirusi haiwezi kuona ndani ya kitu chenye wamefunga kwa neno la siri. Inasema tu: sikuona. »

« Na nani aliifunga? »

« Mama. »

Ilikuwa sauti yake. Béa, kabla ya kuingia hospitali, alijirekodi akimwambia Naomi mambo ya mama na binti. Alimpa neno la siri, akamwambia aifungue siku atakayopata diploma. Mtoto amengoja miezi yote hii bila kuigusa.

Nikajitetea, ndiyo tabia yangu. Nikauliza sababu gani Béa afunge, sisi ni wezi?

« Juu yako, koko. Unafunguaka kila kitu. »

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningempiga kibao.

Béa alipokuwa msichana aliletewa barua na kijana mmoja wa Yanonge. Niliifungua, nikampa jirani aisome kwa sauti uwanjani, tukacheka mpaka machozi. Béa hakulia. Alinunua kufuli akafunga sanduku lake. Na kufuli lile nililivunja.

Hili sijawahi kuliandika.

Fundi wa mtaa alikuja leo asubuhi. Ametafuta kwa saa mbili, amepata jina la faili, ndani hamna kitu. Naomi anasema imebaki njia moja. Mama yake alipoenda hospitali alimwekea Yvonne kopi, kwenye flashi ileile. Tumepiga simu mara nne. Yvonne hapokei simu ya nyumba hii.

Na mimi ndiye niliyemwambia akaitupe mtoni. Yvonne ni mtoto wa kutii wakubwa. Toka utotoni nilimsifu kwa hilo.

Nimejaribu maneno jikoni, mimi na sufuria. Yvonne, nilikosea. Mara ya kwanza yametoka kama amri. Mara ya pili nimemgombeza kwa kutopokea simu. Mara ya tatu hayakutoka.

Kesho asubuhi nitapanda pikipiki mpaka kwake Simi-Simi. Naomi atakuja, neno la siri analo yeye. Nyumba ya Yvonne naijua, mlango wake huwa natia mkono naingia bila hodi.

Kesho nitabisha. Na nitasimama nje mpaka anifungulie.