Maziwa Ya Wa Kwanza

Siku ya ine ya juma, kisha mvua

Tena pongezi. Kila jirani anayeingia neno iko moja: "Maman, safari hii habakukupasula!" Ni kweli. Kisha sezariani ya mutoto wa kwanza, huyu nilimuzala mwenyewe, kwa njia ya kawaida. Mama mukwe alicheza kwenye mulango wa materinite.

Lakini siku sita sasa mutoto ananyonya, analia, hakuna kitu. Mama mukwe ananipikia buyi ya mutama. "Kunywa, mutoto yangu, maziwa itakuja." Nakunywa. Haikuji. Naogopa huyu pia ataenda.

Wa kwanza, yule balitoa mu tumbo amekwisha kufa, maziwa yake ilimwangika wiki muzima. Maman yangu alinifunga kifua na kitenge ya bleu, ili ikauke.

Leo nilikuwa natafuta nguo ya kufunika mutoto, nikakuta ile kitenge chini mu valizi. Nikainusa tu. Palepale kifua ikalowana, bulauzi yote.

Nikamukamata mutoto mbio, nikamunyonyesha. Akakunywa mpaka akalala. Mama mukwe akapiga vigelegele.

Sikumuambia maziwa ilikuwa ya nani.