Maji Niliyoshindwa Kuyamwaga

Masasi,
17 Septemba 2024

Kwako Mama,

Shikamoo. Hii ya kwanza ni ya leo, na nyingine ni kwa siku zote nilizopiga simu haraka haraka nikakata kabla hujamaliza kuniitikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamekuachia kidogo, na mikorosho imeanza kukupa cha kuokota. Mimi mwili wangu hauna neno. Rukaiya nilimtembelea bwenini Jumapili. Mdogo wangu amenenepa, anakusalimu sana, na anaomba bata wake asiuzwe.

Najua utashangaa kupata barua. Siku hizi barua ni ya benki au ya kesi. Lakini kwenye simu mimi ni mwepesi wa kukimbia, ukiniuliza jambo gumu nasema mtandao unasumbua. Karatasi haikatiki. Nimempa Stefano, dereva wetu, aifikishe Chilangala mkononi mwako. Na kwa kuwa macho yako hayaoni tena herufi, namwomba sana huyo anayekusomea asome polepole na asiruke hata mstari mmoja, hata akifika mahali anapotamani kuruka.

Tangu wiki iliyopita maji yamekatika tena hapa Masasi, na kila yanapokatika nakusikia wewe. Nakusikia ukituambia kwamba maji ya kuoshea mchele hayamwagwi, yanaosha vyombo, na ya vyombo hayamwagwi, yanakwenda kwenye mpapai. Nilipokuwa darasa la nne nilimwaga nusu ndoo kwa mchezo. Kesho yake ukashuka nami bondeni, nikapanda kilima chote na ndoo kichwani, na hukunigusa hata kwa ukucha. Tangu siku ile mkono wangu haujui kumwaga. Hata chuoni wenzangu walinicheka nilivyokuwa nikioga kwa kikombe huku bomba linatiririka, nami nikiwajibu kwa kiburi kwamba mimi ni mtu wa Newala.

Kazi yangu hujawahi kuielewa vizuri, na wa kulaumiwa ni mimi. Nimekuacha uwaambie majirani kwamba Hamida anahesabu uduvi. Ngoja leo nieleze, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Watoto wa kamba na wa kaa, Mama, wakiwa wachanga huko baharini hawafanani na wazazi wao hata kidogo. Mtoto wa kamba koche, yule kamba mkubwa mwenye miiba anayeuzwa hotelini, ni bapa, mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na unaona mpaka upande wa pili. Ukiwekewa mezani watoto wa aina kumi huwezi kusema yupi ni wa nani. Kwa hiyo hatutazami sura. Tunawasaga, tunatoa vinasaba vyao, mashine inavikuza viwe vingi, kisha vinasomwa na kulinganishwa na vya wakubwa tunaowajua majina. Mashine hiyo iko hapa Masasi, kwenye maabara ya magonjwa ya mikorosho, nao walitupa chumba kimoja. Ndiyo maana watu wa hapa walitucheka sana, eti kamba wa baharini wanaletwa kupimwa bara, jirani na ugonjwa wa ubwiriunga.

Aliyekuwa akishuka pwani kuleta hao watoto ni Yunusi wa Mama mdogo Esha, kama unavyojua. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Alikuwa akiingia na mashua kwenye hori tatu, ile mikono ya bahari inayoingia kwenye mikoko, anakokota wavu mwembamba kama shela, anachokipata anakitia kwenye chupa za spiriti na kutuletea. Wale wakubwa wa kulinganisha alikuwa anawanunua kwa wavuvi, na kila aina alijua wavuvi wanaiitaje. Akirudi maabara alikuwa akisema kaa wetu, kamba wetu, mpaka Dokta Ethel, mkuu wetu, akamtania kwamba Mmakonde huyu sasa amehamia majini. Kila alipomaliza hori moja aliosha wavu, na baada ya ile ya mwisho akapitisha maji safi ndani ya wavu uleule na kuyakinga kwenye chupa. Hiyo ilikuwa chupa ya ushahidi. Kama wavu umeoshwa, ndani ya chupa hiyo hakutakuwa na kitu.

Desemba majibu yakaja. Kamba koche wachanga walionekana kila mahali, hori zote tatu, kwa kiasi kilekile, jambo ambalo haliwezekani. Kama taarifa ile ingetoka hivyo, akina mama wanaokinga uduvi kwa nguo katika hori zile wangezuiliwa kuingia majini ili mazalia ya kamba koche yalindwe. Dokta Ethel akaagiza chupa za ushahidi zitazamwe. Chupa ya Yunusi ilikuwa imejaa vinasaba vya kamba koche. Chupa ya ushahidi ya maabara, ya maji matupu, ambayo niliijaza mimi, ilikuwa safi kabisa. Hapo hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Ikasemwa kwamba Yunusi hakuosha wavu, kazi ya mwaka mzima imeharibika, na mkataba wake ukakatwa. Yunusi alisema aliosha. Aliapa. Alinitazama mimi nimsemee, nami nikasema labda alichoka, bahari inachosha. Maneno hayo niliyatamka mimi, Mama, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemsaidia.

Yaliyofuata huko nyumbani unayajua kuliko mimi. Ulimsimamisha uwanjani mbele ya watu ukamwambia amemwaibisha dada yake aliyemshika mkono. Mama mdogo Esha alilia, na wewe ukamwambia alie tu, kwa kuwa kijana wake ni mzembe. Januari, mjomba wake Faudhia, binti aliyekuwa amechumbiwa na Yunusi kule Mkunya, akarudisha posa, akisema mwanaume asiyeweza kuosha wavu hawezi kushika nyumba. Watu walicheka kwa neno lile. Mimi pia nilicheka uliponisimulia kwenye simu, kisha nikasema mtandao unasumbua.

Na mwezi huohuo ndipo tulipoanza kuliinua tangi lako la kuvunia maji ya mvua, juu ya msingi uliokwisha kuchimbwa. Nilituma vifaa, na nikauliza nani atabeba mchanga, ukasema Yunusi yupo tu, hana kazi. Alibeba mchanga, alibeba saruji, akapanda kwenye bati kufunga mfereji. Mvua za Machi zikalijaza. Ulinipigia kwa furaha ukasema umefungua koki na maji yamekuja yenyewe kama mjini, na kwamba hutateremka tena bondeni maisha yako yote. Ulinibariki siku ile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekaa maabara peke yangu nikisikiliza baraka zile, na sikuweza kuitikia amina.

Mama, wavu wa Yunusi ulikuwa safi.

Oktoba, wakati nafungua chupa zile, bomba la hapa lilikuwa limekauka wiki tatu. Maji ya kazi yalikuja kwa madumu kutoka mbali. Utaratibu ni kwamba kila chupa inamiminwa kwenye chujio, inaoshwa kwa maji mapya kuondoa spiriti, chujio linasuuzwa tena kwa maji mapya, kisha yote yanamwagwa. Karibu ndoo nzima kwa chupa moja. Ya chupa ya kwanza niliyamwaga. Ya pili niliyamwaga, moyo ukiniuma. Ya tatu mkono ukakataa. Yalikuwa meupe, Mama, ungeyaona ungesema ni ya kunywa, na nje ya dirisha wanawake walikuwa wamepanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. Nikayakinga kwenye beseni. Nikasuuza chujio la chupa ya nne kwa maji hayohayo, na la tano, na kuendelea hadi ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa chupa ya ushahidi ya Yunusi.

Vinasaba havionekani kwa macho. Kipande cha mguu wa kamba mchanga kikielea kwenye beseni kinatosha, maana kazi ya mashine ile ni kukifanya kidogo kiwe kingi. Chupa ya tatu ndiyo iliyokuwa na kamba koche, basi nikazigawia chupa zote zilizofuata. Na ile chupa yangu ilitoka safi kwa sababu sikuipitisha kwenye chujio kama nilivyotakiwa. Niliona kupitisha maji matupu ni kuharibu maji, nikaijaza moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Ubahili uleule uliomtia Yunusi hatiani ndio ulionitoa mimi.

Usifikiri nakulaumu kwa malezi yako. Beseni lilikuwa kosa, na kosa lolote lina msamaha wake. Lakini majibu yaliposomwa nilielewa dakika ileile. Niliona beseni lile machoni mwangu na rangi yake ya kijani. Mkataba wangu ulikuwa unatazamwa upya Januari, na msingi wa tangi ulikuwa umeshachimbwa. Nikajiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu zimepita, Mama, miezi tisa.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilisema. Maji yalikuwa yamekatika, na binti mgeni wa kazi aliniuliza kama anaweza kuyatumia tena ya kusuuzia. Nilimfokea, kisha nikaweka chujio chini nikaenda ofisini kwa Dokta Ethel. Dokta Ethel ni mzaliwa wa hapahapa, kwao maji ni taabu kama kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama yake naye hajawahi kumwaga maji ya mchele, na kama ningekuja Desemba ileile tungecheka pamoja na kurudia kazi. Akasema maji anayaelewa, miezi tisa ndiyo asiyoielewa. Kisha akaniomba funguo za maabara. Nikazitoa kwenye kitambaa changu nikamwekea mezani.

Sasa naomba nizungumze na mwingine.

Yunusi, ndugu yangu, najua ni wewe unayesoma. Mama aliniambia kwamba tangu Rukaiya aende bweni wewe ndiye unayemsomea kila kitu, mpaka karatasi za dawa, na kwamba unakuja kila jioni ukitoka kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, bila kuitwa. Simu zangu hupokei na una haki. Nilitafuta njia ya kukufikia nikaiona hii tu, na sasa ninavyoandika naona nilichokufanyia. Nimekufanya utamke kosa langu kwa mdomo wako, mbele ya mtu aliyekuaibisha kwa ajili yangu. Hata kukiri kwangu nimekubebesha wewe, kama nilivyokubebesha mchanga.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, imepigwa chapa na ina muhuri. Imetoka kwa Dokta Ethel. Inasema wavu wako ulikuwa safi, lawama imeondolewa, na kazi yako ipo ukiitaka. Hori zile zitapitiwa upya, na anasema hamjui mtu mwingine anayezifahamu kama wewe. Nakala ya karatasi hiyo nitaipeleka mwenyewe Mkunya kwa mjomba wake Faudhia, asome mbele yangu. Lakini najua Faudhia ameolewa Newala mwezi wa saba, na hakuna muhuri utakaomrudisha. Hilo nimekuondolea na sina cha kukulipa. Najuta, Yunusi. Najuta vibaya sana, na sikuombi unijibu. Nitafika Ijumaa. Ukiamua kutokuwepo nitaelewa.

Mama, nakurudia wewe. Kazi sina tena, na sijui Rukaiya tutamsomesha vipi, ila hilo tutaliongea nikifika. Ninalokuomba ni moja. Ulimwambia Yunusi maneno yale uwanjani, mbele ya watu, kwa kuwa uliniamini mimi. Waite watu walewale, Mama mdogo Esha awepo, uwaambie ulikosea kwa sababu mwanao alinyamaza. Usisubiri mimi nije kusema. Nikisema mimi wataniona jasiri, na mimi si jasiri.

Nisalimie Mama mdogo Esha kama atakubali kusalimiwa nami. Msalimie Mzee Shamte na majirani wote wanaochota kwenye tangi, na usimzuie mtu yeyote kuchota hata likikaribia kukauka. Huku wenzangu waliobaki maabara wananiuliza hali nami nawajibu njema, kama ilivyo desturi.

Na kabla hujasema neno lolote, Mama, simama umpe Yunusi maji ya tangi, kikombe kijae. Amesoma kwa muda mrefu.

Ni mimi mwanao,

Hamida