Swali la Mafundo Limepata Mwenyewe

Jayanagar, Bengaluru
14 Julai

Mpendwa Mjomba Shivaram,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Doha, na je, mkweo Chaitra bado anakuficha achari kwa ajili ya presha? Sisi ni wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika nguo, na Mama ana mafua anayokataa kuyaita mafua. Mimi mwili hauna neno. Nimechoka tu, uchovu ule usioondoka hata ukilala.

Umeniuliza habari za kazi. Huu ni mwaka wa pili tangu niache hisabati ya chuo na kuingia kwenye kampuni ya programu za kompyuta. Naandika programu za kupanga malori ya mboga. Asubuhi foleni, jioni foleni, katikati vikao. Watu si wabaya. Wananiita Dada Ipo, na jina hilo nililitafuta mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mkuu wangu, Girish, alinipa kazi ya kutafuta ratiba ya madereva ambayo hakuna atakayelalamika kwamba ameonewa. Nikajifungia na karatasi zangu kama enzi za masomo ya uzamivu, nikatoka na uthibitisho mzuri mno.

"Haya, ratiba iko wapi?" akauliza.

"Nimethibitisha kwamba ipo."

"Ipo wapi, dada?"

"Hapo sijui. Lakini ipo, haina ubishi."

"Basi kesho madereva wapande hiyo ipo yako wapeleke nyanya sokoni!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, Mjomba, ungefanyaje? Kwetu sisi ukishajua kwamba kitu kipo, kazi imekwisha. Kwao ndiyo kwanza haijaanza.

Sasa nimezoea. Siku hizi naandika programu zinazofanya kazi bila mimi kujua sawasawa kwa nini, na nasifiwa. Mama ametolewa mtoto wa jicho kwa mshahara huu, kwa hiyo sithubutu kuutukana.

Nije kwenye lile ninalolizungukazunguka. Kila barua yako inaisha kwa kuniuliza ni lini nitalirudia swali la mafundo, lile la hisabati ya mafundo ya kamba katika tasnifu yangu, lililobaki hatua moja. Kila mara nakujibu, mwaka ujao. Mjomba, hakuna tena cha kurudia. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kazan, huko Urusi, alilimaliza.

Profesa wangu alinitumia kazi ya kijana huyo, nikaisoma jikoni huku rasamu, ule mchuzi wetu wa ukwaju, iko motoni. Kwanza nilifurahi, tena kwa moyo mweupe. Hata tasnifu yangu ameitaja, mstari mmoja.

Halafu nikafika ukurasa wa nne, nikakwama. Nikarudia, nikakwama palepale. Hatua ile imesimama juu ya jambo nililolithibitisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na sikulielewa. Kupitwa si neno, mbio zina mshindi mmoja. Kinachoniuma ni kwamba nimesahau. Rasamu ikafurika, nikakaa chini sakafuni nikalia, na Mama akaja mbio akidhani nimeungua.

Kwa hiyo usiwaambie tena watu kwamba mpwa wako atarudi chuoni. Sitarudi. Imeniwia vigumu kukuandikia haya kwa sababu wewe ndiye uliyenianzisha, pale barazani, kwenye ubao uliochakaa wa shule yako. Nusu ya maswali yangu hukuwa na majibu yake. Ulikuwa unakula karanga na kuniuliza, "Kwa nini?" Nikijibu, "Kwa nini tena?" Hivyo hivyo mpaka nikaacha kubabaisha.

Nina ombi moja. Nipigie simu Jumapili baada ya chakula. Nitakusomea kazi ya yule kijana tangu ukurasa wa kwanza, polepole. Si kwa ajili ya chuo wala ya Girish. Wewe hutaielewa, na mimi huenda nisiielewe. Lakini tukifika ukurasa wa nne nitataka kuruka, nami najijua. Usiniache niruke. Niulize tu, kama zamani.

Nisalimie Chaitra na mwanao Prakash, uwabusu na wajukuu. Mungu akupe magoti ya kupandia ngazi na akurudishe kwetu kabla maembe ya mwakani hayajaisha. Mama amesoma barua hii juu ya bega langu, anasema karanga zisiwe za chumvi.

Mpwa wako akupendaye daima,
Vasudha