Sisimizi Nyuma ya Bafu

Sindo, 4 Machi 1999

Kwa Celestine mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mimi ni mzima, goti tu. Na baridi ya huko, umeizoea?

Uliniandikia kuwa kazi yako ni kutia chembe zinazong'aa ndani ya seli, vile vijumba vidogo vya mwili, na mwanga wake huonyesha kemikali zilizomo. Basi nakutumia kitana cha marehemu baba yako. Nywele zake bado zimo. Tangu tumzike, baba yako mdogo Javan anasema, "Huyu wa Kehancha alimlisha ndugu yangu kitu." Anataka nirudi kwetu Kehancha. Tafadhali angalia kilichomuua, nimsomee Javan jibu lako.

Mama yako,
Nyanchoka

Marekani, 30 Machi 1999

Mama mpendwa,

Pole kwa goti. Mimi sijambo, navaa makoti mawili.

Kitana kimefika. Nilikaa nacho siku nzima, sikukipeleka maabara. Chembe zetu husoma seli iliyo hai tu. Mng'ao ukififia, tunajua oksijeni imeongezeka mle ndani. Seli ikishakufa hatupati kitu. Nisamehe, Mama.

Lakini nakumbuka mwaka wangu wa mwisho nyumbani. Baba alimaliza jagi la maji peke yake, suruali ikawa inamvuka, na pale nyuma ya bafu alipokojoa, sisimizi walijaa. Tukacheka. Nadhani ulikuwa ugonjwa wa sukari. Siwezi kuapa. Nilikuwa nasoma sayansi, na bado nilicheka.

Msomee hivyo hivyo.

Binti yako,
Celestine

Sindo, 9 Mei 1999

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Goti limetulia.

Nilimsomea Javan. Nilipofika kwenye sisimizi akainuka, akaondoka bila kuaga. Nikaanza kufunga vyombo vyangu.

Siku ya tatu akasimama mlangoni.

"Shemeji, sisimizi wale walikuwa weusi?"

"Weusi, wadogo."

"Basi hata kwangu wapo."

Tulikwenda naye hospitali Homa Bay. Wakampima: sukari. Anadungwa sindano kila asubuhi, na dawa inataka mahali pa baridi. Mtungi wangu ndio wenye baridi kuliko yote, kwa hiyo dawa inakaa kwangu. Mkewe Phelesia anaogopa sindano, basi Javan namdunga mimi. Huguna kama ng'ombe, kisha hunywa chai isiyo na sukari akinilaumu mimi.

Usijilaumu kwa kucheka. Baba yako ndiye aliyeanza.

Habari ya mimi kurudi Kehancha, Javan haitaji tena. Akichelewa asubuhi, namfuata.

Mama yako,
Nyanchoka