Mafuta ya Alizeti Relini

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu kalamu ikasimama, maana nimezoea kusubiri marahaba yako.

Tulipokwisha kukuzika, treni yako ndogo ya umeme iligoma. Ile aliyokuachia mmishenari wa Kilimatinde alipokuwa anarudi kwao, ukaitandikia reli kuzunguka meza ya sebuleni. Watu wa Manyoni walikucheka: mzee kakagua reli ya serikali mpaka kastaafu, sasa kajijengea ya kwake! Hukujali. Kila jioni uliiendesha, na Mama, tangu macho yake yazime, alijua kwa mlio ule kwamba saa ya uji imefika.

Mlio ulipokatika, Mama akaacha kula. Hakukataa kwa maneno. Alikuwa anashika bakuli, anasikiliza, kisha analirudisha. Niliogopa, Baba, kwamba tutarudi makaburini kabla udongo wako haujakauka.

Mimi fundi simu wa stendi nzima nikashindwa na kitu cha kuchezea. Nikaweka mita relini: umeme upo. Ulinifundisha kwamba kwenye treni hii umeme uko relini muda wote, na injini husubiri kuitwa kwa namba yake. Nikabonyeza tatu, namba yake. Kimya, hata taa hazikuwaka. Nikabadilisha waya za rimoti. Nikaifungua injini, nikakinusa kile kikadi kinachopokea amri, hakikunuka kuungua. Nikaita tena. Kuita usiitikiwe kunachosha, Baba. Nililia na bisibisi mkononi.

Nilikuwa tayari kukichomoa kikadi nilipokumbuka neno lako: "Usimlaumu dereva kabla hujatembea njia." Nikapiga magoti, nikapitisha kidole juu ya reli. Kikateleza. Nikakinusa: alizeti!

Shangazi huyo. Siku za msiba alipangusa kila kitu chako. "Waombolezaji wasikute kaka yangu ana reli za kutu," alisema, akazipaka mafuta aliyokuja nayo kutoka Iguguno, yale yale anayojipaka miguuni akienda kanisani. Ncha kali za mita yangu zilipenya mafuta, magurudumu yakashindwa. Sikumgombeza. Nadhani alikuwa bado anakuosha wewe.

Nikafuta reli kwa spiriti, nikafuta na magurudumu, kitambaa kikatoka cheusi. Jioni, uji ukiwa mezani, nikabonyeza tatu. Taa zikawaka, ikaondoka.

Mama akainua kichwa. Uso wake ulifunguka, nami mjinga nikafurahi. Kisha akapapasa meza, akalisukuma bakuli lake mpaka mbele ya kiti chako.

"Mzee, umechelewa leo. Kunywa, unapoa."

Anajua tulikuzika. Udongo aliutupa kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikaa pale akisubiri, na treni inazunguka, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuizima. Nikakaa kwenye kiti chako, nikanywa. Aliposikia bakuli limeguswa, akaniomba nimletee na yeye bakuli jingine.

Sijui kama nimemponya au nimemdanganya. Nakukumbuka mpaka kifua kinauma.

Lala salama, Baba. Njia nitaitembea kila jioni kabla sijaita injini. Na uji wako nitaunywa, kimya kimya, mpaka siku Mama atakapoacha kukusogezea.

Mwanao,
Neema